Siku Baba Alipofagia Msitu

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa usafi. Katika kambi ya wafanyakazi, hapa Lubumbashi, uwanja wetu ulifagiwa kabla jua halijatoka, na kuku wa jirani akipita aliangaliwa kama mwizi. Kampuni ya shaba ilipoanza kuanguka na mishahara kukatika, Baba aliendelea kufagia. Hakuwa na kazi nyingine. Kampuni haikumwambia amefukuzwa; ilinyamaza tu.

Mama akatupeleka kwa ndugu zake, kijijini upande wa Kipushi, tuchome makala, makaa ya kuuza. Msitu ulikuwa wa kijiji kizima, na kamati yake iliongozwa na mama mdogo, dada wa Mama, mwanamke mfupi asiyependa kurudia neno. Alitugawia kipande kwa sharti moja: tukikata miti, visiki tuviache vichipue. Kipande kisichochipua hadi mvua za pili, mwenyewe hapewi kingine. Baba alisema ndiyo, ndiyo, kama wanaume wanavyosema.

Tulikata, tukachoma, makala yakauzwa mjini, Kampemba, tukala. Mvua zikaja, na kuzunguka visiki vikatoka vichipukizi vyekundu, laini. Baba akaona uchafu. Kwa siku tatu, bila kumwambia mtu, aling'oa kila kitu kwa jembe, akafagia majani, akapanga na mawe pembeni. Kisha akatuita tuone, amejaa furaha.

Mama alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu akalia kweli.

Mama mdogo alifika kesho yake, akamwita shemeji yake.

— Bofrere, ni nani alikutuma kufagia pori?

— Nilisafisha tu. Kulikuwa bintu bingi.

— Bile bintu njo miti yenyewe.

Akainama, akafukua udongo kidogo, akamwonyesha mzizi mnene, bado mbichi.

— Mizizi iko muzima. Sasa kazi yako iko moja: ikala chini. Usiguse kintu.

Basi kila asubuhi Baba alivaa ovaroli ya kampuni, akaenda kukaa juu ya kisiki. Alifukuza mbuzi, alizima moto wa wawindaji wa panya, na zaidi ya hapo hakugusa hata jani. Nilimcheka kuliko wote. Nilimuuliza kama amepandishwa cheo. Leo naona aibu, maana niliiona mikono yake ikitafuta fagio.

Mvua za pili zilipokwisha, vichipukizi vilimfika kiunoni. Kamati ikatupa kipande kingine, tukakikata mimi na Mama. Baba alibaki kwenye kile cha kwanza.

Miaka mingi baadaye walikuja watu na kamba za kupimia, wakazizungusha kwenye vigogo. Walitaka kujua msitu umehifadhi kaboni kiasi gani. Walimweleza Baba kwamba miti huvuta uchafu wa moshi kutoka hewani na kuuweka ndani ya mbao na mizizi. Aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake.

Mwanamke aliyeshika daftari akamuuliza:

— Papa, ni nani alipanda hii miti?

— Hakuna muntu. Ilirudia yenyewe.

— Na wewe, unafanyaka nini hapa?

Baba alifunga kifungo cha juu cha ovaroli, ambayo sasa ilikuwa viraka vitupu.

— Andika: niko kazini.

Mwanamke akaandika. Tangu kampuni inyamaze, ilikuwa karatasi ya kwanza kusema baba yangu ana kazi.