Niliwaambia Mgambo "Naranda", Sasa Natakiwa Kumtaja Mzee Aliyeniuzia Randa

(Jina na mtaa wa msomaji huyu tunavyo sisi, na kwetu havitoki. Msomeni kwa utulivu kabla ya kumjibu.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, naishi Kariakoo chumba kimoja na mke wangu, naye ni mjamzito. Kwetu ni Kilimanjaro. Tafadhali msiniambie "rudi kwenu ukalime", nimeshaambiwa mpaka nimechoka. Kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, anapewa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Mimi ni wa katikati. Nikirudi nitalala jikoni kwa kaka yangu, mimi na mke wangu na tumbo lake. Kazi ninayoijua ni useremala, na mwaka huu nikajisemea liwalo na liwe, nafungua karakana yangu uani, maana mwenye nyumba kakubali.

Sasa vifaa utavipata wapi? Ukienda duka la ushirika kuuliza msumeno, unaambiwa upo, lakini lazima uchukue na jembe. Jembe la nini, nikalime barabarani? Ukiuliza randa, ile ya kulainishia mbao, ndiyo wanakucheka kabisa. Nikazunguka mpaka soli ya kiatu ikaisha, ndipo nikafika kwa mzee mmoja Mwarabu, mzaliwa wa hapa hapa Dar, duka lake lina misumari kidogo na vumbi jingi.

"Shikamoo mzee. Natafuta vifaa vya kuanzia."

"Marahaba mwanangu. Unaanza na nini, vitanda au makabati?"

Nikamwambia vitanda na viti. Akafunga mlango nusu, akaingia ndani, akatoka na vifaa vya zamani ambavyo havijatumika, vimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Jamani, nilitaka kulia! Tamaa ikanishika, nikataka vyote. Mzee akagoma. "Keekee ya nini sasa hivi? Utatoboa nini? Chukua msumeno huu, patasi mbili na randa. Lakini randa uichague, usiikumbatie tu." Akanionyesha namna ya kuigeuza tumbo juu, kufumba jicho moja na kuitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ya kwanza nikaisifu, akacheka sana. "Hiyo imepinda, wewe! Utawauzia watu vitanda vya kuyumba." Tukaendelea mpaka tukapata iliyonyooka. Bei akanitajia ile ile ya zamani, na jembe hakunipa.

Nikatoka na gunia langu begani, furaha tele. Kufika karibu na soko, kumbe kuna msako wa wazururaji, wasio na kazi wanarudishwa vijijini kwao. Mgambo mmoja akanidaka mkono. "Wewe, kazi yako nini?" Haki ya Mungu, akili yangu yote ilikuwa kwenye ile randa. Nikajibu, "Naranda."

Basi! Wakaangua kicheko. "Anakiri mwenyewe! Anaranda mjini!" Nilisahau kwamba kuranda ni kuzurura pia. Nikapiga kelele, "Mbao! Naranda mbao!" Nani asikie? Ningesema tu "mimi seremala" leo nisingekuwa nawaandikia. Kwa kiherehere changu nikalifungua gunia mwenyewe ili waone. Kicheko kikakatika. Mkubwa wao akaishika randa, haijatumika, ina mafuta bado. "Hii madukani haipo. Nani kakuuzia?"

Sikumtaja. Wakachukua kila kitu. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kunidhamini nikatoka, lakini kwa sharti: kabla ya mwezi kwisha nimtaje aliyeniuzia. Nikimtaja, narudishiwa vifaa na natambuliwa kuwa nina kazi. Nisipomtaja, mimi na mke wangu tunapandishwa lori turudishwe kwetu. Na mzee akitajwa ataitwa mlanguzi, kaficha bidhaa, atafungwa na uzee wake ule. Na wala hakunilangua!

Mke wangu anasema nimtaje. "Huyo ni baba yako? Mtoto huyu nimzalie kwenye lori?" Nikimwambia mzee alinitendea wema, ananijibu, "Wema wake utanilelea mtoto?" Kisha analia, mimi nafoka, halafu naenda uani kukaa juu ya mbao nisizoweza kuzifanyia lolote. Kuna saa naona bora nilitamke hilo jina yaishe. Mnione mbaya mkitaka, lakini ndivyo ilivyo.

Juzi nikajikaza niende nimweleze mzee ukweli, angalau ajihami. Kabla sijafungua mdomo akanivuta ndani. "Afadhali umekuja mwanangu. Nimepata jiliwa, ile ya kubania mbao. Watu wamekuja kuitaka, nimewaambia sina. Nimekuwekea wewe, iko chini ya kitanda changu. Kazi ikichanganya utakuja kuichukua."

Nikasema tu asante mzee, nikaondoka kama mwizi. Wakienda kumpekua, kitu cha kwanza watakachokikuta ni hicho alichonifichia mimi.

Ndugu zangu, gazeti hili linatoka kila wiki, mnaweza kuniwahi. Nimtaje, au nimpandishe mke wangu lori? Nishaurini jamani, mwenzenu nifanye nini?