Mstari Uliobebwa na Maji

Bi Perez Oduor alifundisha hesabu katika chuo cha ualimu nje kidogo ya Kisumu. Kwa miaka tisa aliwaambia wanafunzi wake kwamba mtoto huja shuleni na kichwa kitupu, kazi ya mwalimu ni kukijaza. Aliamini hivyo. Hata yeye alifundishwa hivyo hivyo.

Mwaka 1972 alikwenda Ahero kumkagua Khaemba, kijana aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha darasa la tatu. Khaemba aliandika ubaoni: 19 mara 6. Kabla hajageuka, msichana wa dawati la mbele, Akelo, akasema, "Mia moja na kumi na nne."

"Nani amekupa jibu?" Khaemba aliuliza kwa ukali.

Akelo akainamisha kichwa. Perez, aliyeketi nyuma, hakukusudia kuingilia somo, lakini alikuwa ameona daftari la mtoto limefungwa. Akaja, akachutama kando yake, akamuuliza kwa Dholuo, lugha ya kwao, "Nyathina, mwanangu, umejuaje?"

Akelo alisitasita, kisha akaeleza kwamba yeye na mama yake hupanda mpunga. "Nimepanda mistari ishirini, kila mstari miche sita. Hiyo ni mia na ishirini. Halafu maji yamebeba mstari mmoja."

Perez aliinuka, akaligeukia darasa. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu njia hiyo.

"Nani mwingine ana njia yake?"

Mikono ikainuka. Mmoja alizidisha kumi kwa sita, kisha tisa kwa sita, akajumlisha, "kwa sababu jina lenyewe linasema kumi na tisa." Khaemba alimsogelea Perez, chaki ingali mkononi.

"Mwalimu," alinong'ona, "sasa mimi nifundishe nini?"

"Hata mimi sijui. Tuwasikilize kwanza."

Tangu mwaka uliofuata, wanafunzi wapya wa Perez walikwenda shuleni wiki ya kwanza bila chaki. Kila mmoja alikaa na mtoto mmoja, akayaandika maneno yake kama yalivyo. Mkuu wa chuo alinung'unika kwamba wiki nzima inapotea. Perez akampelekea madaftari yale. Mkuu akayasoma mpaka chai yake ikapoa, na hakunung'unika tena.

Perez alipolazwa hospitalini mwaka 1978, aliomba aletewe madaftari ya wanafunzi wa mwaka huo. Muuguzi alimkuta akitikisa kichwa peke yake.

"Kuna nini, Mama?"

"Mtoto wa shule ya Pap Onditi," Perez alisema. "Ameambiwa agawe mia kwa nne. Anasema aliukunja mkeka mara mbili, hamsini, kisha ishirini na tano, kichwani."