Baba Alivyokagua Vyuo Viwili

Miaka ya hamsini, fomu ya chuo cha ualimu ilitaka idhini ya mzazi. Baba yangu alikuwa mpasua mbao kiwandani Elburgon. Hakujua kusoma, na alikataa katakata kutia kidole gumba kwenye karatasi ya mahali asipopaona. Aliomba ruhusa ya siku mbili kwa Mzungu wake, akavaa koti la kanisani, tukapanda treni.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua. Kulikuwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa milimani, juu ya Molo: kengele, sala na jembe, wanafunzi miguu mitupu kwenye umande. Kingine kilikuwa Nakuru mjini: viatu, maktaba, timu ya mpira, na kila Jumamosi ruhusa ya kutembea mpaka stesheni na kwenye maduka ya Wahindi. Nilitaka mjini mpaka usingizi ulikuwa haunijii. Kilichobaki ni baba ajionee.

Akaona nini? Kule Molo aliingia bwenini moja kwa moja, akagonga kitanda kwa kidole, akainama, akakinusa. Kukinusa! Mbele ya mwalimu mkuu.

"Mtarakwa," akasema, akiutaja mti uliotoa ubao ule kama mtu aliyekutana na ndugu. "Hii ilikaushwa vizuri."

Basi. Hakuuliza masomo wala chakula.

Nakuru ndiko kulikonimaliza. Nilimwonyesha maktaba, akapapasa rafu. Nilimwonyesha uwanja, akaenda kushika nguzo ya goli. Vijana wenye soksi ndefu wakaanza kucheka, mmoja akamwiga anavyogonga, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Naye wala habari hana. Tulipopita tena mlangoni pa maktaba, akamgeukia mwalimu aliyekuwa akitutembeza.

"Mwalimu, hii mlango ilipigwa msumari ikiwa bado mbichi. Angalia vile imepinda. Nyinyi watu mna haraka."

Tukiwa njiani kurudi stesheni, uvumilivu uliniisha. Nilimpigia kelele baba yangu barabarani, jambo nisilowahi kufanya.

"Baba, mimi siendi kusomea vitanda! Mbona hukuuliza hata kitu kimoja cha maana?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ningeuliza nini?" akasema. "Vitabu sijui. Hao watu sijui. Mbao najua. Nikaangalia ile kitu najua, nisikupeleke pahali pabaya." Akatembea hatua kadhaa. "Basi ni Molo."

Sikubisha. Nilikuwa na aibu, na bado nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilinifunga mdomo. Yeye akachukua kimya changu kuwa nimekubali.

Nyumbani nilijaza fomu kwa wino, nikaandika Nakuru. Baba akapaka kidole, akakibonyeza taratibu pale nilipomwonyesha, akaipuliza karatasi ikauke. Kisha akamwita mama, akamwambia anifumie sweta nzito, kwa maana Molo kuna baridi.

Nikasema, "Asante, baba."