Jumbe Tisa kwa Binti Yake

Kazi ya kumtunza yule mzee niliipata kupitia mama mmoja wa kanisani kwetu, Mrundi, aliyekuwa akifua nguo katika jengo la fleti la mzee huyo, mtaa wa Morningside hapa Durban. Aliniambia tu kwamba mzee ni Mmarekani, amefiwa na mkewe, kiharusi kimempooza upande wa kushoto, na hana mtu. Kwamba aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu sikuambiwa.

Aliyenifumbua macho ni kaka yangu, siku alipokuja kutengeneza bomba la jikoni. Alimtazama mzee kwenye kiti chake, akanivuta kando.

"Uyu mutu ninamujua," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo. "Kule Uvira, mu sinema za video, nilimuonaka anakufa mara mingi."

Nilipomweleza mzee, alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Akanihesabia: alipigwa risasi, alisukumwa kutoka ghorofani, alizama na gari. Kwa miaka zaidi ya arobaini alikuwa polisi wa pili, mwenye baa, hakimu wa maneno matatu. Watu walimsimamisha barabarani wakidhani walisoma naye. Durban alikuja kwa wiki sita kuigiza nahodha wa meli, akampenda mwanamke aliyekuwa akiwapaka waigizaji vipodozi, akamwoa, akabaki.

Marekani alikuwa na binti, wa mke wa kwanza. Walikuwa hawajasemezana tangu mama wa binti huyo afariki. Siku ya mazishi mzee alikuwa kazini, nchi nyingine, akiigiza kasisi anayezika watu.

"Ningeomba ruhusa wangenipa," aliniambia. "Sikuomba. Niliogopa wangemweka mtu mwingine mahali pangu."

Mama yangu alizikwa Uvira nikiwa hapa hapa Durban. Mimi nilizuiwa na karatasi za ukimbizi, yeye hakuzuiwa na kitu, lakini uchungu wake niliufahamu.

Asubuhi moja, baada ya kumnyoa ndevu, aliniomba nimrekodie binti ujumbe wa sauti kwa simu yangu. Akapangusa mdomo kwa leso, akasema maneno mazuri kabisa, polepole, sauti ikitetemeka pale inapostahili. Machozi yakanitoka. Yeye akakunja uso.

"Futa. Naigiza."

"Mzee, ni nzuri."

"Ndiyo maana. Ameona filamu zangu zote. Sauti hiyo ataijua."

Tulirudia siku nyingine, na nyingine. Mara alisema haraka haraka kama anayesoma orodha ya sokoni. Mara aliacha katikati, akageukia dirisha. Kila mara aliniambia nifute, na kila mara nilimdanganya kwamba nimefuta. Zilifika tisa. Ya mwisho hakuimaliza. Alitaja jina la binti yake, akalirudia, kisha akaniuliza leo ni siku gani. Wiki ile ile kiharusi cha pili kilimpata. Alifariki hospitalini kabla ya saa sita mchana, mimi nikiwa kwenye teksi nakwenda kumwona.

Tulimzika watu wanne, karibu na mkewe. Binti, aliyepewa habari na namba yangu na hospitali, hakuja. Alinipigia siku ya tatu, sauti kavu, akiulizia cheti cha kifo na vitu vya fleti. Nikamweleza habari za jumbe zile.

"Nitumie," akasema.

"Ipi?"

"Zote."

Zilipita siku nyingi kabla hajapiga tena.

"Nimezisikiliza," alisema. "Wewe ulikuwa umekaa naye. Ipi ilikuwa ya kweli?"

Nilitaka kumtajia ile ya mwisho, kwa kuwa nilidhani ndiyo binti aliyotaka kusikia. Nikakumbuka jinsi mzee alivyopangusa mdomo kabla ya kila moja, hata ile aliyoisema haraka haraka.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Najua tu kwamba kila moja aliianza akitaka iwe ya kweli."

Alilia muda mrefu. Nilikaa kwenye ngazi, simu sikioni. Alipotulia, aliuliza baba yake alikuwa akila nini asubuhi. Nikamwambia mkate, niliomkatia vipande vidogo, na chai ya maziwa bila sukari.

"Sikujua kwamba anakunywa chai," akasema.