Kwa Nini Walimkatalia Dereva wa Maji

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kukataa. Kwenye mkataba haikuitwa hivyo. Pale niliitwa katibu wa biro, yaani ofisi, ya wafanyakazi, katika kampuni ndogo ya Kolwezi iliyokodisha kamyo na madereva kwa wenye migodi. Lakini mtu akiomba kuongezwa mshahara, ombi lilipita mezani kwangu likienda kwa shefu, mkuu wa biro yetu, na jibu lilipita kwangu likirudi. Ndani ya kompyuta nilikuwa na barua moja tu, ya Kifaransa, yenye masikitiko mazuri sana. Nilibadilisha jina na tarehe, nikapiga muhuri. Sababu nilizizungusha: bei ya cobalt imeshuka, bajeti ya mwaka imefungwa, ombi lako litaangaliwa tena. Mara nyingine bei ilikuwa imepanda, na redio ilisema hivyo asubuhi ileile, nami nikaandika imeshuka. Hakuna aliyerudi kuniuliza.

Dereva ninayetaka kumsimulia alikuwa amekaribia miaka hamsini. Familia yake ilitoka Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi ya mgodi, nao wakabaki. Yeye aliendesha kamyo ya maji. Barabara za mgodini ni vumbi tupu, na yale makamyo makubwa ya mawe yakipita, dereva wa nyuma hamwoni wa mbele. Kazi yake ilikuwa kumwaga maji barabarani tangu asubuhi hadi jioni ili watu wasigongane. Inaonekana ni kazi rahisi, lakini siyo. Akimwaga kidogo, vumbi linarudi baada ya dakika chache. Akizidisha, kamyo zinateleza kama kwenye sabuni. Yeye alijua kila kona inahitaji kiasi gani. Kwa miaka tisa hakuna aliyeumia kwenye barabara zake.

Alikuwa ameomba mara mbili, na mara mbili nilimwandikia masikitiko. Mara ya tatu alikuja saa ya kupumzika mchana, akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi.

"Mama, unisaidie kuandika. Kifaransa yangu ni ya kuongea tu, hapana ya karatasi."

"Ingia, tata," nikasema, yaani baba. "Juu ya nini tena?"

"Ule dereva mupya nilimufundisha mi mwenyewe. Ameniambia mushahara yake. Inapita yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo ambalo bado hajalielewa vizuri.

Nikaandika. Niliweka ile miaka tisa, nikaweka barabara zisizokuwa na ajali, nikaweka madereva aliowafundisha. Halafu, kwa akili yangu mwenyewe, nikamwambia tuongeze habari ya mke wake. Mke wake alikuwa na kisukari, aliishi kwa sindano ya kila siku, na dawa hiyo aliipata bure kwenye dispanseri ya kampuni kwa sababu mumewe alikuwa mfanyakazi.

Alisitasita. "Mambo ya bibi yangu iingie mule?"

"Bale bakubwa ni bantu kama sisi, tata. Wakijua, watasikia huruma."

Akasema sawa.

Shefu wetu hakuwa mtu mbaya, nami sitaki asomeke hivyo. Alitoka kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki, aliimba kwaya ya parokia kwa sauti nzito ambayo ilimshangaza kila aliyezoea kumsikia ofisini. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetafuta gari la kubeba jeneza. Alisoma ile barua mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Umeandika weye?"

"Ndiyo, shefu."

"Kifaransa ni muzuri." Akaiweka mezani. "Niambie. Huyu anaweza kutoka kwetu?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilidhani nimepata nafasi ya kumwombea. Nikasema: "Hawezi, shefu. Bibi yake anaishi kwa sindano ya dispanseri yetu. Akitoka hapa, dawa ataitoa wapi? Watoto wake wanne bado wanasoma. Yule tata amefungwa kabisa."

Nakumbuka nilisema hivyo, "amefungwa kabisa," na nilijisikia nimesema vizuri.

"Basi andika hapana," akasema shefu.

Sikuondoka. Nilibaki nimesimama, naye akavua miwani akajisugua macho.

"Sikia, mama. Kule juu habaulizake kama muntu ana shida. Kila muntu ana shida. Banauliza ulizo moja tu: tusipomupa, atatoka? Nikisema atatoka, banatafuta makuta ya kumulipa, na banapata. Nikisema hatatoka, banafunga kitabu. Ule dereva mupya alikuja na barua ya kazi ya kampuni ingine mu mufuko. Ni ile tu."

"Na miaka yake tisa?"

"Miaka tisa inaonyesha hana pahali pa kwenda." Akavaa tena miwani. "Unafikiri mi siombake nyongeza yangu? Nimeomba mara mbili. Banajua niko najenga nyumba. Banajua siwezi kutoka kabla ya kuweka paa."

Nikarudi mezani kwangu nikaandika bajeti imefungwa. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa nyumbani kwangu, jioni, wakati nilipoelewa nilichokifanya. Ingetosha uongo mmoja mdogo. Ningesema: shefu, nasikia wanamtaka kwenye mgodi wa Fungurume. Badala yake nilimpa shefu kile alichokihitaji ili aseme hapana bila wasiwasi, na nilikitoa kwa huruma.

Dereva alisoma jibu lake akifuata mistari kwa kidole.

"Bajeti," akasema. "Tangu nilifika hapa bajeti imefungwa. Kifunguo iko kwa nani?" Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Na juu ya bibi yangu? Hawakusema kintu?"

"Hawakusema kitu, tata."

Baada ya wiki mbili alileta barua ya kuacha kazi. Alikuwa amepata nafasi Fungurume, kamyo ya maji ileile, mshahara zaidi. Lakini miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio, na katika miezi hiyo familia ya mfanyakazi haitibiwi. Alinieleza hayo yote mwenyewe, akiwa ameketi mbele yangu na mikono juu ya magoti. Alikuwa amenunua dawa ya kufikisha mwezi na nusu. Nyingine angeitafuta.

"Tata, ungojee kidogo," nikamwambia. "Labda mwaka ujao."

"Mama, mi nimengojea miaka tisa. Na ule nilifundisha ananisalimia kwa huruma. Siwezi tena."

Nilipokea barua yake, nikapiga muhuri.

Aliyewekwa mahali pake alimwaga maji kama anayemwagilia bustani. Siku ya tano kamyo moja iliteleza kwenye mteremko, ikalala ubavuni. Dereva wake alitoka na mkono uliovunjika, na wenye mgodi wakamwita shefu akaelezwe kazi yake kama mtoto. Aliporudi alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Umupigie simu yule tata. Arudi. Tutamupa ile aliomba, na kidogo juu yake."

"Na bajeti?"

Akanisukumia karatasi yenye namba ya dereva.

Nilipiga simu nikiwa uani, karibu na matangi ya mafuta. Dereva alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nilisaini huku. Na nikirudi sasa, batanitazama namna gani? Juu ya kamyo kuanguka ndiyo banajua jina yangu?"

Ningeweza kumwambia: rudi kwa ajili ya sindano. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini lilikuwa neno lilelile nililomwambia shefu, na niliona aibu kulitumia mara ya pili. Nikamtakia kazi njema.

Mke wake alikufa katika mwezi wa pili wa yale majaribio. Yeye alikuwa kazini Fungurume, alirudi nyumbani Kolwezi mara moja kwa wiki mbili. Binti yao mkubwa ndiye aliyenieleza kwenye matanga, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai lililofungwa katikati ya barabara ya mtaa. Mama yake alikuwa amehesabu chupa zilizobaki na kuona hazitafikisha miezi mitatu. Basi akaanza kujidunga nusu. Hakumwambia mume kwa sababu hakutaka aache ile kazi. Alisema ni uchovu tu, ni joto tu. Siku alipoanguka jikoni majirani walimpeleka hospitali kwa pikipiki, mmoja nyuma akimshika, na alipofika alikuwa hajibu tena.

Shefu alikuja pia. Alivaa suti nyeusi, alileta bahasha, akamshika dereva mkono kwa mikono yake miwili na kukaa naye karibu saa nzima. Nadhani alihuzunika kweli. Sidhani alikuwa anakumbuka nilichomjibu siku ile. Kwake ilikuwa barua moja kati ya nyingi.

Zamu yangu ya kutoa pole ilipofika, dereva alinivuta karibu ili nimsikie.

"Asante, mama. Weye uliandika muzuri. Ubaya haikuwa barua."

Nilifungua mdomo nimwambie nilichomjibu shefu. Wamama wa kanisa wakaanza wimbo mwingine, watu wakasimama, na nikasimama pamoja nao.

Bado ninafanya kazi palepale. Watu bado wanakuja saa ya mchana kuomba niwaandikie, na ninafuta mambo mengi wanayoyaleta. Ninafuta kodi ya nyumba, ninafuta mgonjwa, ninafuta masomo ya watoto. Ninawauliza nani mwingine anawataka, na asipokuwepo mtu ninawaambia wamtafute kwanza, ndipo warudi. Mama mmoja wa jikoni alinikasirikia, akasema sina moyo. Alipata nyongeza yake, na hanisalimii mpaka leo.

Mwaka mmoja hivi baada ya matanga nilikutana na dereva kwenye soko la Fungurume, nilikokwenda kumtembelea dada yangu. Alikuwa amekonda, lakini kombinezo yake ya kazi ilikuwa mpya na safi. Majaribio aliyapita, akafanywa mkubwa wa madereva wote wa maji.

"Sasa banalipa muzuri, mama. Batoto banatibiwa, na bibi pia, kama angekuwa..." Akaishia hapo. Akahamisha mfuko wa unga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kisha akauliza kama shefu bado yuko.

"Yuko."

"Umusalimie."

Nikasema nitamsalimia. Sikumpelekea shefu ile salamu; ningelazimika kumkumbusha nilichomjibu siku ile.