Vyuo Viwili na Panga la Bibi

Vyuo viwili vilinichagua, vyote kwa shahada ya vinasaba. Hebu fikiria, mtoto wa Kamachumu anagombewa! Nilikuwa na siku moja tu ya kuthibitisha chuo kimoja kwa simu, na ukishathibitisha umeshathibitisha.

Cha Dar es Salaam kilikuwa na maabara ya magonjwa ya binadamu, cha Morogoro kilishughulika na mazao. Mimi nilitaka Dar, sifichi. Nilishajiona kabisa nimevaa koti jeupe. Tata, yaani baba yangu, naye alitaka Dar, kwa kuwa shangazi yuko huko na angeniangalia. Mambo yalikuwa yamekwisha. Nikaenda kwa Bibi, mama yake Tata, kumpa habari tu.

"Vinasaba ndiyo nini?" aliniuliza huku akimenya ndizi. "Si ndiyo vile vya kupima mtoto ni wa nani? Waitu! Unataka kuvunja ndoa za watu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba hata mgomba una vinasaba vyake, na kuna watu wanatafuta aina isiyoshikwa na ugonjwa wa mnyauko. Akaacha kumenya. Nilidhani nimemchosha.

Akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba, pale zilipokuwa enshakala zake, migomba aliyokuja nayo kutoka kwao Ijumbi alipoolewa. Sasa pamepandwa maharage. Sote tulijua kwamba mnyauko uliimaliza. Ulifikaje, hakuna aliyejua.

"Niliuleta mimi," alisema.

Alikuwa amekwenda kumsaidia jirani kukata migomba iliyougua. Bwana shamba alishatufundisha: ukimaliza, pitisha panga kwenye moto, usije ukahamisha ugonjwa. Moto ulikuwepo, jirani alikuwa anapika. Lakini utalipitishaje panga motoni mwenye nyumba anakuangalia? Ni kama kumwambia kwako kuchafu. Bibi akaona haya, akarudi na panga lake hivyo hivyo, akalitumia kukatia majani ya enshakala zake ya kufunikia chungu.

"Enshakala za mama yangu," alisema. Kisha, harakaharaka: "Usimwambie baba yako. Na wewe nenda Dar, si umependa Dar?"

Roho iliniuma, jamani. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nilimkasirikia pia. Adabu gani hiyo ya kumaliza shamba! Nikatoa simu nikathibitisha Morogoro palepale, nimesimama kwenye maharage. Tata alininunia wiki nzima, na sababu sikumwambia.

Siku yetu ya kwanza maabara tulipewa chipukizi la mgomba tulikate. Kabla hajaligusa, mwalimu alipitisha kisu chake kwenye moto, akasema tufanye hivyo kila tunapokata. Kipindi kilipoisha nilitoka nje mbio nikampigia Bibi.

"Bibi, huku kisu tunakipitisha motoni, mbele ya watu wote."

Nikasikia anafukuza kuku wake ili anisikie vizuri.

"Na hakuna anayenuna?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi ukija likizo unionyeshe," alisema. "Na jirani nitamwita."