Sindano ya Siku ya Msiba

Hakimu alimwachia mdogo wangu kwa sharti moja: kila Jumanne ya kwanza ya mwezi achomwe sindano zahanati ya Nyololo, kadi yake igongwe mhuri, kisha ioneshwe mahakamani. Akikosa mara moja, anarudishwa hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, alikokaa mwaka mzima baada ya kuchoma ghala la jirani akidai mahindi yanamsengenya. Mdhamini nilikuwa mimi, dada yake. Nilitia sahihi kwa mbwembwe, na tangu hapo nikawa namlinda kama askari magereza.

Kisha babu akafariki. Kwetu mfiwa hatoki msibani mpaka watu wanyolewe nywele kumaliza matanga, hata kama ng'ombe wake wameingia shambani kwa mtu. Nilipika ugali wa watu wengi, nikalia, nikapika tena. Jumanne mchana tukagundua mdogo wangu hayupo.

Baba mdogo hakuuliza mara mbili. "Kimempanda tena huyo," alisema, akaangua kamba ya ng'ombe ukutani. Vijana wakakata fimbo. Niliwafuata nikiona Dodoma tu mbele yangu, na mama akibaki peke yake na kitanda kitupu cha mwanawe. Nilimkasirikia mdogo wangu, nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Tulikutana naye karibu na barabara kuu. Alikuwa anatembea taratibu, anachechemea, shati kalichomekea. Alituangalia sote, halafu ile kamba.

"Shikamoo baba mdogo. Ng'ombe gani amepotea?"

Nikamuuliza alikuwa wapi. Akatoa mfukoni ile kadi niliyokuwa nikiitunza sandukuni mwangu, mhuri wake bado umelowa wino.

"Leo si Jumanne ya kwanza, dada? Nilikuona umebanwa na masufuria, nikaona niende mwenyewe."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Mimi niliyetia sahihi ndiye niliyesahau. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile siku ya msiba.

Wazee walimpiga faini ya kuku kwa kutoka kabla ya kunyolewa, akalipa bila kinyongo. Baba mdogo alitafuta la kufanya na kamba yake, mwishowe akafungia kuni, akarudi nazo kichwani. Tangu mwezi ule kadi nilimwachia aitunze mwenyewe.